Nani hasa aliponya udongo wa Marekani baada ya yale mavumbi? Matuta, mvua, pesa au watu kukimbia?

#1 Dereva wa Masafa
Wakuu, salaam. Mimi ni dereva wa lori huku Marekani, njia zangu ni Nebraska, Iowa na Wisconsin. Kuna jambo linanisumbua muda mrefu, nimeona nililete kwa wajuzi wa kilimo.

Sehemu kubwa ya nchi hii imekatwa mraba. Sheria ya upimaji ya 1785 iligawa ardhi vipande vya maili moja kwa maili moja, kwa hiyo barabara, nyaya za uzio na matuta yote yamenyooka kama yamepigwa rula. Lakini ukiingia vilima vya kusini magharibi mwa Wisconsin, ghafla mashamba yanapinda. Mkanda wa mahindi, mkanda wa majani ya ng'ombe, mkanda wa shayiri, yote yanazunguka kilima kama michoro ya kitenge. Nikauliza, nikaambiwa hiyo ni kazi ya miaka ya 1930 mpaka 1950. Serikali ilifundisha watu kulima kwa kontua (yaani kukata kilima kwa mistari ya usawa mmoja badala ya kupanda na kushuka), kujenga makinga maji, kupanda miti ya kuzuia upepo na kuchimba malambo.

Swali langu ni hili. Miaka ya 30 kulikuwa na ukame mkali, na Mei 1934 udongo wa nyanda za kati ulipeperuka mpaka New York na Washington. Miaka ya 50 ukame ukarudi, sehemu nyingine ukiwa mkali kuliko ule wa kwanza, na vumbi likatimka tena. Lakini balaa halikufikia ukubwa ule. Kwa nini? Mzee mmoja ninayempelekea mzigo anasema ni kontua na matuta. Jirani yake anasema mzee muongo, ni mvua tu ilirudi. Nani mkweli?

#2 Chumvi ya Mawe
Siti ya mbele. Karanga ninazo, maji ninayo, ngoja waje.

#3 Bwana Shamba Mstaafu
Mleta uzi umegusa mahali pangu. Miaka 31 nimewapimia watu kontua. Mkweli ni mzee wa kwanza.

Jina la kulishika ni Hugh Hammond Bennett, mtoto wa mkulima wa North Carolina. Mwaka 1905 alitumwa na mwenzake kupima udongo kaunti ya Louisa, Virginia. Wakakuta vipande viwili vimepakana, kimoja msitu na kingine shamba, mteremko uleule, udongo wa asili uleule. Wa msituni unachimbika kwa vidole, wa shambani mgumu kama sakafu. Na shambani hapakuwa na korongo hata moja! Ndipo akaelewa kwamba mvua ilikuwa ikilichuna shamba utando kwa utando, mwenyewe hajui. Watu walikuwa wanaogopa makorongo, kumbe mwizi mkubwa ni yule asiyeacha nyayo.

Akapiga kelele miaka na miaka. 1933 akapewa idara ndogo, 1935 ikakua ikawa Soil Conservation Service, ile SCS, yaani idara ya hifadhi ya udongo, chini ya Wizara ya Kilimo, yeye mkuu wake wa kwanza. Na alivyoipata ni kisa kizuri: Jumapili Nyeusi, 14 Aprili 1935, alikuwa bungeni anatoa ushahidi, vumbi likaja likafunika jua, wabunge wakachungulia dirishani wakapitisha sheria hapohapo.

#4 Mama Kihenge
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote naomba nikusahihishe. Jumapili Nyeusi ilikuwa Jumapili, jina lenyewe linajitangaza. Bunge gani hilo linaita mashahidi Jumapili? Vumbi la siku ile lilipiga Kansas, Oklahoma na Texas. Kisa cha Bennett kuvuta maneno akisubiri vumbi lifike Washington kipo, ila ni siku nyingine, na wasimuliaji wenyewe hawakubaliani ni ipi. Sheria ilisainiwa 27 Aprili.

#5 Chumvi ya Mawe
Mzee kapigwa kalenda 😂

#6 Bwana Shamba Mstaafu
Marahaba mwanangu, nimekubali, kisa nilikipokea darasani nikakibeba hivyohivyo miaka yote. Lakini hoja haijaanguka. Kazi ya mfano ilianza 1933 Coon Valley, hukohuko Wisconsin unakopita na lori lako. Wakulima wengi ni uzao wa Wanorwe, walikuwa wakilima kupanda na kushuka kilima kufuata uzio wa mraba, ng'ombe wanachungwa msituni kwenye miteremko mikali. Serikali ikasaini nao mikataba ya miaka mitano: wewe hamisha ng'ombe msituni, lima kwa kontua, panda mikanda ya nyasi kati ya mahindi, sisi tunakuletea mbegu, chokaa, waya na vijana wa CCC.

Hao CCC walikuwa kama JKT yao. Vijana wasio na ajira, dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zinakwenda nyumbani kwa wazazi.

#7 Kyalo wa Machakos
Wadau, hiyo terasi ya Wamarekani ni kama fanya juu yetu ama ni nini? Kwetu unachimba mtaro, mchanga unautupa upande wa juu, unapanda nyasi juu ya tuta, na miaka ikienda shamba linajigeuza kuwa ngazi lenyewe.

#8 Bwana Shamba Mstaafu
Kyalo, hapana. Ya kwao ni tuta pana sana na fupi, trekta linapita juu yake likipanda na kuvuna bila kushuka gia. Aliyelianzisha ni mkulima wa North Carolina, Priestly Mangum, mwaka 1885. Haligeuzi kilima kuwa ngazi, linavunja mbio za maji na kuyapeleka polepole pembeni. Na hapo pembeni ndipo penye siri: lazima kuwe na njia ya maji iliyopandwa nyasi, pana, isiyolimwa kamwe. Tuta bila njia ya maji ni kukusanya vibaka wote mtaani kisha kuwafungulia mlango mmoja. Nimeona kwa macho yangu mradi mmoja (siutaji) uliochimba makinga maji mazuri kilima kizima ukasahau pa kuyatolea. Mvua ya kwanza tukapata korongo la kuingia ng'ombe na pembe zake.

#9 Mluguru Halisi
Mnaongea matuta hapa kama hadithi ya kulalia. Babu yangu ukimtajia neno tuta alikuwa anatema mate. Mpango wa wakoloni wa kuhifadhi udongo wa milima ya Uluguru, Morogoro, ulianza 1950, watu wanalazimishwa kuchonga ngazi milimani. Udongo wa juu kule ni mwembamba, ukichonga ngazi unafukua udongo mfu unauweka juu, mahindi yanatoka ya njano kama yana homa. Julai 1955 Matombo kukawaka, na mpango ukafa. Hii si nje ya mada, maana wakoloni waliiona picha ya vumbi la Marekani wakaogopa, wakaja na dawa ileile kwetu. Bennett mwenyewe 1944 alialikwa Afrika Kusini kukagua udongo.

Tofauti ni moja. Mnorwe wa Wisconsin alisaini mkataba na akaletewa mbegu. Babu aliletewa faini.

#10 Kyalo wa Machakos
#9 umenena. Murang'a pia 1947 akina mama waligoma kuchimba. Halafu cha kushangaza, baada ya uhuru watu wa Ukambani wakachimba wenyewe, bila kusukumwa na mtu.

#11 Mchumi Uchwara
Nyote mnazunguka mbuyu. Jibu ni pesa. Fuateni pesa.

Mwaka 1933 Rais Roosevelt alianza kuwalipa wakulima wapunguze mazao ili bei ipande. Januari 1936 Mahakama Kuu ikaufuta mpango ule. Wiki chache baadaye Bunge likaja na sheria mpya: sasa tunakulipa si kwa kupunguza ngano, tunakulipa kwa kuacha mazao "yanayochosha udongo" na kupanda "yanayotunza udongo". Na mazao yanayochosha udongo ni yapi? Ngano, pamba, mahindi, tumbaku. Yaleyale yaliyokuwa yamejaa ghalani! Udongo ulikuwa kanzu, ndani yake bei. Halafu 1956 ikaja Benki ya Udongo, unalipwa kulaza shamba. Mpaka 1960 zimelazwa ekari zaidi ya milioni 28. Mikataba ilipokwisha na bei ya ngano ikapanda miaka ya 70 baada ya Warusi kununua kwa wingi, majembe yakarudi na miti ya kukinga upepo ikang'olewa. Ukilipwa unahifadhi, usipolipwa unalima mpaka mlangoni.

#12 Mama Kihenge
#11 nakupa nusu. Pesa haielezi kwa nini mkulima mmoja alijiunga na jirani yake akakataa, wakati malipo yalikuwa sawa. Bennett alijua hilo, ndiyo maana Februari 1937 Roosevelt aliwaandikia magavana wote akiwapelekea mfano wa sheria ya kuunda wilaya za hifadhi, zinazoongozwa na wakulima wenyewe waliochaguliwa. Bwana shamba wa serikali anakuja kama fundi, wenye mamlaka ni wenyeji. Kama kamati ya maji kijijini.

#13 Kijana wa SUA
Na wilaya ya kwanza ilikuwa hiyo Coon Valley, au siyo?

#14 Mama Kihenge
Siyo. Coon Valley ni bonde la mfano la 1933. Wilaya ya kwanza ni Brown Creek, North Carolina, Agosti 1937, kaunti ya Anson. Alikozaliwa Bennett. Usishangae, hata kwetu lami huanzia kwa mheshimiwa.

#15 Chumvi ya Mawe
Hapo kwenye lami umeupiga mwingi.

#16 Mchumi Uchwara
Wilaya naikubali, ila kwa sababu nyingine. Wachumi wawili, Hansen na Libecap, waliandika 2004 kwamba tatizo la nyanda zile lilikuwa mashamba kuwa madogo mno. Mchanga unaopeperuka kwa jirani unakuja kuzika shamba lako hata kama wewe umehifadhi. Mwenye ekari chache akiacha mkanda wa kukinga upepo anapoteza sehemu kubwa ya riziki na faida anaipata jirani, basi kila mtu anasubiri mwenzake aanze. Wilaya iliwafunga kamba moja.

#17 Dereva wa Masafa
Nashukuru sana wakuu, naendelea kusoma nikiwa kituo cha mafuta. Mchumi, sasa kama udogo ndiyo ulikuwa tatizo, si ina maana dawa ilikuwa wadogo kuondoka?

#18 Mchumi Uchwara
Ndiko ninakokwenda. Mchumi mwingine, Richard Hornbeck, alipitia takwimu za kaunti moja moja. Kaunti zilizochunika zaidi, thamani ya ekari ilishuka kwa asilimia 30 hivi kati ya 1930 na 1940 zikilinganishwa na zile zilizonusurika, na sehemu kubwa ya hasara hiyo haikurudi. Kilichopunguza maumivu zaidi ni watu kuhama, siyo kubadilisha kilimo. Kwa hiyo mleta uzi, neno lako "aliponya" nalo lina walakini. Kidonda kilikauka kwa sababu mgonjwa alihama.

#19 Bwana Shamba Mstaafu
Wachumi mna laana. Mtu anahifadhi udongo, mnasema hesabu zilijihifadhi.

Nikuulize wewe mwenye takwimu. Mtafiti Stanley Trimble alichimba na kupima matope ya bonde lilelile la Coon Creek kwa miaka mingi. Alitoa matokeo 1999: matope yaliyokuwa yakitua bondeni kati ya 1975 na 1993 yalikuwa asilimia 6 tu ya kiwango cha miaka ya 1930. Sita! Watu hawakuhama Coon Valley, ng'ombe wapo, mahindi yapo. Mvua pia ipo. Kilichobadilika ni namna ya kulima.

#20 Kijana wa SUA
Mzee hapo umewafunga mdomo.

#21 Mama Kihenge
Hajafunga. Coon Valley ni maji na miteremko, Kansas ni upepo na tambarare. Mnachukua dawa ya kuhara mnampa mwenye kikohozi. Kontua inazuia maji, upepo wa Kansas utaucheka mstari wako. Kule dawa ilikuwa kuacha mabua juu ya ardhi. Plau la zamani linageuza udongo chini juu, unabaki uchi. Nebraska mwishoni mwa miaka ya 30 wakajaribu plau lenye visu bapa linalokata mizizi ya magugu chini kwa chini na kuacha mabua yamesimama. Na Fred Hoeme wa Hooker, Oklahoma, akatengeneza plau la meno yanayochana ardhi na kuinua mabonge ambayo upepo hauyawezi. Hawa mafundi hawatajwi, kila siku Bennett, Bennett.

#22 Mzee wa Begi
Mmesahau wakulima wa begi. Miaka ya 40 mvua ilirudi, vita vikapandisha bei ya ngano, watu wakaja na begi kutoka mjini wakafumua nyasi za mashariki mwa Colorado. Anakodi, anapanda, anarudi mjini, anaonekana tena siku ya kuvuna. Kwetu tunaita kilimo cha simu. Ukame ulipopiga miaka ya 50, vumbi likaanzia hukohuko. Kwa hiyo nusu ya jibu la mleta uzi: balaa halikurudi lote kwa sababu si nyasi zote zilifumuliwa tena. Serikali ilikuwa imenunua ardhi iliyokufa, ekari zaidi ya milioni 11, ikazirudishia majani. Sehemu yake tangu 1960 inaitwa nyika za taifa. Nenda kaunti ya Morton, Kansas, mojawapo ya zilizoumia zaidi, utaikuta nyika ya Cimarron.

#23 Chumvi ya Mawe
Mzee wa Begi na wewe ni mkulima wa simu, ID inakusuta.

#24 Mzee wa Begi
Niliwahi. Matikiti. Tusifike huko.

#25 Nguzo ya Kusini
Mimi niko Georgia. Mnasifia SCS bila kutaja kudzu? Huyo ni mmea tambazi wa Asia, majani kama ya maharage, hao mabwana shamba wa Bennett ndio walioubeba. Wakagawa miche ipatayo milioni 85 wafunike makorongo, na mkulima alilipwa hadi dola 8 kwa ekari aupande. 1953 Wizara ikauondoa kwenye orodha ya mimea inayopendekezwa. Umeshachelewa ndugu yangu. Leo unafunika nguzo za umeme, magari mabovu, na nyumba ukiiacha likizo moja.

Na ile waridi ya miiba iliyogawiwa kama uzio hai ikaishia vilevile, magugu.

#26 Kyalo wa Machakos
Nguzo, si mlete mbuzi.

#27 Nguzo ya Kusini
Wanaletwa, wanakodishwa kabisa. Ila ongezeni na hili. Kusini wengi walikuwa wapangaji wa kugawana mavuno, weusi kwa weupe, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Nani atajenga tuta la miaka 20 kwenye shamba ambalo Desemba anaweza kufukuzwa? Malipo ya kupunguza pamba yalipokuja, wenye mashamba wengi waliyachukua na mpangaji akatolewa. Mashamba mengi ya vilimani yakaachwa yakaota misonobari. Ukipita leo msituni unakuta matuta ya zamani ndani ya miti, yamelala tu. Kaunti ya Stewart kuna makorongo ya kina cha hadi futi 150, yalichimbwa na maji ya mashamba ya pamba ya karne ya 19. Sasa ni hifadhi ya kitalii, watu wanalipa kuingia na kupiga picha.

#28 Mluguru Halisi
Kiingilio cha kuona dhambi.

#29 Kijana wa SUA
Naomba niongeze kidogo la darasani. Haya matuta hayakuwa imani tu, yalipimwa. Tangu miaka ya 30 walikuwa na viploti vyenye matangi chini, kila mvua wanapima maji na matope. Watafiti Wischmeier na Smith wakakusanya data hizo Chuo Kikuu cha Purdue kuanzia 1954, zaidi ya miaka-ploti 10,000 (ploti moja ikipimwa mwaka mmoja ni moja), wakatoa kanuni ya mmomonyoko, kitabu cha mwongozo kikatoka 1965. Unazidisha nguvu ya mvua, udhaifu wa udongo, urefu na ukali wa mteremko, mfuniko wa mazao, na hatua za hifadhi. Chezea namba uone: mfuniko wa mazao unashusha upotevu kuliko tuta. Yaani nyasi na mabua yanalishinda tuta.

#30 Bwana Shamba Mstaafu
Sikatai. Lakini kanuni ile ni ya maji tu, tena ya wastani wa miaka mingi. Mvua moja ya kichaa haijui wastani.

#31 Mama Kihenge
Na umejibu mwenyewe mzee. Agosti 2018 mvua ya usiku mmoja ilibomoa mabwawa matatu ya kuzuia mafuriko hukohuko Coon Creek, mabwawa yaliyotokana na sheria ya mabonde ya 1954. Asilimia 6 zako zililala kwenye maji usiku ule.

#32 Bwana Shamba Mstaafu
Mabwawa yalibomoka kingoni, yaliposhikana na mwamba wenye nyufa. Mikanda ya kontua haikuwa na kosa hapo. Usichanganye shimo na kilima.

#33 Kijana wa SUA
Miti ya Roosevelt je? Ule ukuta wa miti kutoka Kanada mpaka Texas?

#34 Mzee wa Begi
Haukuwa ukuta. Ni mikanda mifupifupi, mashambani mwa watu, ndani ya eneo linaloanzia Dakota Kaskazini hadi Texas. Mti wa kwanza ulipandwa Oklahoma, kaunti ya Greer, 1935, na kufikia 1942 ilikuwa miti milioni 220 hivi, mikanda ya maili 18,600 ukiiunganisha. Inazuia upepo umbali wa mara kadhaa ya kimo chake, basi. Haiwezi kukinga Kansas nzima.

#35 Dereva wa Masafa
Hiyo nimeiona Nebraska, mingi inakauka, mingine inasukumwa na tingatinga. Nikauliza, wakaniambia inazuia mitambo ya kumwagilia inayozunguka.

#36 Mzee wa Begi
Ndiyo hiyo. Frank Zybach alipata hataza yake 1952. Bomba refu juu ya magurudumu linazunguka kisima katikati, ndiyo maana ukiwa kwenye ndege unaona miduara. Na mduara hautaki mti. Nakuongezea mshukiwa wa tano kwenye orodha yako: maji ya chini ya ardhi, Ogallala. Miaka ya 50 ilipokauka walikuwa na pampu nyingi, miaka ya 30 zilikuwa chache. Kwa hiyo udongo ulifunikwa na mazao mabichi kwa maji ambayo hayarudi haraka. Kusini mwa nyanda visima vinashuka kila mwaka.

#37 Mchumi Uchwara
Yaani walikopa chini wakalipa juu.

#38 Kyalo wa Machakos
Na no-till je? Hiyo si ndiyo wanaringia siku hizi?

#39 Kijana wa SUA
Hiyo ilikuja baadaye. Harry Young wa Herndon, Kentucky, alipanda mahindi bila kulima 1962, kipande kisichofika hata ekari moja. Iliwezekana kwa sababu dawa za magugu zilikuwa zimeanza kupatikana. Haiwezi kuwa sababu ya miaka ya 50.

#40 Mluguru Halisi
Ila babu yangu alikuwa anapanda bila kulima, kwa kijiti, kabla ya Harry Young kuzaliwa. Bwana shamba akamwita mvivu.

#41 Bwana Shamba Mstaafu
Hilo naweza kuwa nimelisema mimi, kwa mzee mwingine, kilima kingine. Lipite.

#42 Dereva wa Masafa
Wakuu, jana nimepita tena Coon Valley. Nimemuuliza mzee wangu mbona mwaka huu ile mikanda ya kilima cha mbele imeondolewa, ni mahindi matupu kutoka bondeni hadi juu. Akasema baba yake aliiweka, yeye kaitunza, ila kauza ng'ombe, kwa hiyo nyasi za nini tena? Na kijana anayemkodisha shamba ana mashine ya kupanda mistari 24 kwa mpigo, haiwezi kukunja kona kwenye mkanda mwembamba. Nikamwuliza mvua kubwa ikija je. Akaniambia nipakie niondoke, nyuma yangu kuna foleni.

#43 Mchumi Uchwara
Pesa. Nilisema.

#44 Mama Kihenge
Ng'ombe. Hakuna ng'ombe, hakuna nyasi. Wewe unaona pesa kila mahali.

#45 Bwana Shamba Mstaafu
Dereva, ukipita tena mwezi wa sita baada ya mvua, simama darajani uangalie rangi ya maji, uniletee picha.

#46 Dereva wa Masafa
Sawa mzee. Daraja lile haliruhusu lori kusimama, ila nitatafuta namna.

#47 Chumvi ya Mawe
Karanga zimeisha.